Mwalimu Mmoja, Klarineti Mbili: Nani Hulipa Siku Ukumbi Ukiwa Mtupu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Franz Schoepp alikuwa akifundisha klarineti jijini Chicago. Ufundishaji wake ulikuwa wa Kijerumani: skeli kila siku, mazoezi ya vidole, ulimi mwepesi, na nota zisomwe kama zilivyoandikwa. Tofauti na walimu wengi wa mji ule, hakuwachagua wanafunzi kwa rangi ya ngozi. Wawili kati yao walikuja kujulikana. Mmoja ni Benny Goodman, aliyezaliwa mwaka 1909, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili katika familia ya Wayahudi wahamiaji, baba yake mshona nguo. Wa pili ni Buster Bailey, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Memphis mwaka 1902 na kuhamia Chicago akiwa kijana.

Mwishoni mwa mwaka 1940 Goodman alisimama mbele ya New York Philharmonic, John Barbirolli akiongoza, akapiga konsato ya klarineti ya Mozart, yaani kazi ya mpiga solo mmoja akisindikizwa na okestra. Wakati huohuo Bailey alikuwa katika kundi la watu sita la John Kirby, akipiga vipande vya Chopin na Schubert vilivyogeuzwa kuwa swing, yaani jazz ya dansi, kwa ajili ya wateja wa klabu za usiku. Vidole vyake havikuwa vizito kuliko vya Goodman. Anayetilia shaka asikilize santuri za Kirby za miaka ile, jinsi klarineti inavyopita kasi bila kukwaruza nota hata moja.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mmoja alijaliwa klasiki na mwingine akajaliwa swing. Silikubali. Muziki wa aina zote mbili unadai saa zilezile za mazoezi, na maisha ya kazi ya mpigaji huamuliwa zaidi na jambo ambalo halisikiki jukwaani: nani anamlipa siku ambayo hakuna onyesho.

Msomaji wa Tanzania ana njia fupi ya kulielewa hili. Kwetu neno jazz halikuwa na maana ya muziki wa kukaa kimya na kusikiliza. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz, zote zilikuwa bendi za dansi, na watu walilipa kiingilio ili wacheze mpaka usiku wa manane. Swing ya Marekani ya miaka ya 1930 ilikuwa hivyohivyo: ni dansi. Tofauti ipo kwenye ajira. Nuta Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara na vyombo vilikuwa mali ya chama, kiasi kwamba mpiga gitaa aliyehama alikwenda mikono mitupu. Bendi ya swing haikuwa na chama nyuma yake, wala jeshi, wala polisi. Nyuma ya kiongozi wa bendi hapakuwa na mtu.

Tuhesabu. Bendi ya Goodman iliyopanda jukwaa la Carnegie Hall tarehe 16 Januari 1938 ilikuwa na watu 14: tarumbeta 3, tromboni 2, saksafoni 4, piano, gitaa, besi, ngoma, na yeye mwenyewe na klarineti yake. Nje ya hao kuna mwimbaji, mpangaji wa muziki, mnakili wa nota, mtu wa kubeba na kupanga vyombo, usafiri, hoteli, na kamisheni ya wakala aliyetafuta kazi. Hela yote hiyo inatoka kwenye mlango wa ukumbi, mkataba wa hoteli, santuri, au mdhamini wa redio. Bendi ikikaa wiki mbili bila kazi, kiongozi ama atoe mfukoni, ama awaache watu waende zao. Wakishaondoka, hasara ni kubwa kuliko idadi yao, kwa sababu kikosi cha saksafoni kilichozoeana mwaka mzima hakipatikani tena kwa kuajiri watu wanne wapya Jumatatu asubuhi.

Historia ya Goodman mwenyewe inaonyesha uzi ulivyokuwa mwembamba. Desemba 1934 bendi yake ilipata nafasi kwenye kipindi cha dansi cha redio ya NBC kilichodhaminiwa na kampuni ya biskuti. Ilipangwa kupiga mwishoni mwa kipindi, wakati New York imekaribia au kupita saa sita usiku. California wakati huo ilikuwa bado saa tatu na kitu usiku, vijana wako macho. Wafanyakazi wa kiwanda cha biskuti wakagoma, mdhamini akajitoa, na Mei 1935 kipindi kikafa. Bendi ikaingia barabarani kuelekea magharibi na kupokelewa vibaya mji baada ya mji, hadi tarehe 21 Agosti 1935 ilipofika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, na kukuta umati wa wale waliokuwa wakiisikiliza redioni saa tatu usiku. Vitabu vingi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa zama za swing. Iliwezekana kwa sababu ya tofauti ya saa kati ya pwani mbili za Marekani, na ilikaribia kuzimwa na mgomo ambao haukuhusu muziki hata kidogo.

Kuna dhana nyingine inayohitaji kusahihishwa kabla hatujaendelea, kwamba mpiga swing alipiga kwa kubuni tu na hakujua nota. Katika bendi kubwa, sehemu kubwa ya muziki iliandikwa. Mpangilio mpya uliletwa wino haujakauka, ukapigwa mara mbili au tatu mazoezini, na usiku ukachezewa dansi. Kubuni kulikuwa kwa wapiga solo, na nafasi yenyewe mara nyingi ni baa nane, kila baa mapigo manne, au kumi na sita, au thelathini na mbili, baada ya hapo kikosi kinaingia na lazima uwe umeshamaliza. Mtu wa tarumbeta ya tatu angeweza kukaa msimu mzima bila solo hata moja, akisoma nota usiku hadi usiku.

Ugumu wa kiti hicho upo kwenye mambo ambayo karatasi haisemi. Nota mbili za nusu pigo zimeandikwa sawa lakini hazipigwi sawa: katika mwendo wa wastani ya kwanza inachukua karibu theluthi mbili za pigo na ya pili theluthi moja, na mwendo unavyokuwa wa kasi tofauti hiyo inapungua mpaka inakaribia kutoweka. Mpigaji aliyetoka klasiki hukosea hapa kabla ya kokote kwingine. Anaambiwa azipige kwa kuyumba, naye anazigawa robo tatu kwa robo moja kama nota zenye nukta, na muziki unaanza kuchechemea. Kosa la pili ni kutazama mkono wa kiongozi. Kiongozi wa bendi ya dansi mara nyingi anatazama wachezaji sakafuni. Mwendo wa mapigo wenyewe unakaa kwenye besi na gitaa inayogonga mapigo manne, na kwenye matoazi ya mguu ya mpiga ngoma. La tatu ni mwisho wa nota. Watu wanne wa saksafoni wanaweza kuanza pamoja vizuri kabisa na bado wakasikika kama wageni kwa wenzao kwa sababu kila mmoja anaikata nota mahali pake. Anayeamua ni saksafoni alto ya kwanza: urefu wa nota, mtetemo wa sauti, mahali pa kupumua. Waliobaki wanamfuata hata kama wanadhani amekosea. Tarumbeta ya kwanza ina mamlaka hayohayo juu ya bendi nzima.

Sasa tuvuke upande wa pili. Kiti cha klarineti katika okestra kubwa ni kazi ya kudumu, na kwa sababu ni ya kudumu, hupatikana kwa nadra. Kikosi cha klarineti kina watu watatu au wanne, na mtu akishathibitishwa anaweza kukaa miaka thelathini. Nafasi moja ikitangazwa, waombaji hufika zaidi ya mia moja, kila mmoja akijilipia nauli na hoteli. Boston Symphony ilianza mwaka 1952 kutumia pazia kwenye usaili, ili wasikilizaji wasimwone anayepiga, na okestra nyingi za Marekani zikafuata katika miaka ya 1970 na 1980. Kwenye baadhi ya usaili hutandikwa zulia ili hata sauti ya viatu isitoe siri kwamba anayepita ni mwanamke.

Nyuma ya pazia hilo mwombaji ana dakika chache, mara nyingi zisizozidi kumi katika raundi ya kwanza. Atapiga mwanzo wa konsato ya Mozart, kisha vipande kutoka kwenye simfoni. Kimoja kinachoombwa karibu kila mahali ni skerzo ya Mendelssohn ya Ndoto ya Usiku wa Kiangazi, ambapo ulimi unatakiwa ugonge ridi, kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni, takriban mara nane kwa sekunde, kwa sauti ndogo, bila nota moja kuruka. Kingine ni Simfoni ya Sita ya Beethoven, ambayo haina kasi ya kutisha, ila inaanika pumzi na ulinganifu wa sauti kutoka nota za chini hadi za juu. Wengi hudhani huondolewa kwa nota zilizokosewa. Kinachowaondoa mapema ni wakati: mwendo unaokimbia kwenye sehemu nyepesi na kulegea kwenye sehemu ngumu. Baada ya wakati ni usawa wa sauti na piano au na nota iliyotangulia. Anayejirekodi kila siku na kusikiliza akiwa na metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, mkononi hugundua kasoro hizo miezi miwili mapema. Asiyejirekodi hugundua akiwa njiani kurudi nyumbani. Anayeshinda huingia kwenye muda wa majaribio wa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuthibitishwa, na wapo wanaoshinda usaili kisha wakashindwa majaribio kwa sababu sauti yao haikuungana na ya wenzao.

Usalama huu wa kazi watu huudhani kuwa wa asili, kama vile klasiki ilizaliwa nao. Haikuwa hivyo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 msimu wa okestra nyingi za Marekani ulikuwa wa miezi kadhaa tu, na wakati wa kiangazi mpiga fidla angeweza kufanya kazi dukani au kupaka rangi nyumba. New York Philharmonic ilipata mkataba wa wiki 52 mwaka 1964, miaka miwili baada ya wanamuziki wa okestra mbalimbali kuunda umoja wao ndani ya chama cha wanamuziki ili wawe na sauti. Mwaka 1966 Ford Foundation ilitoa dola milioni 80.2 kwa okestra 61, kiasi kikubwa kikiwa ni mtaji wa wakfu: fedha zisizoguswa, faida yake tu ndiyo inayotumika. Mchango wa matajiri, wakfu, na chama chenye nguvu ndivyo vilivyoigeuza kazi ya msimu kuwa ajira ya mwaka mzima. Tiketi peke yake haijawahi kuilipa okestra. Mkataba wa New York Philharmonic wa mwaka 2024 unafikisha kima cha chini kwa mpigaji dola 205,000 kwa mwaka, na hakuna idadi ya viti ndani ya ukumbi inayoweza kutoa fedha hizo bila mkono wa wafadhili.

Kwa hiyo Goodman alivukaje?

Kwanza, kwa kujifunza upya, na gharama ya hilo si ndogo. Klarineti ya swing ilipaswa kusikika juu ya tarumbeta tatu na ngoma, mara nyingi bila kipaza sauti cha kutosha. Wapigaji wa namna hiyo hupenda kinywa cha klarineti (kile kipande cha kupulizia) kilicho wazi zaidi na ridi laini kidogo, ili nota iweze kupindwa na kuteleza. Klasiki inataka kinywa chembamba, nafasi kati ya ridi na ncha ikiwa kama milimita 1.0 hadi 1.2, na ridi ngumu inayotulia kwenye sauti ndogo kabisa. Ukichukua vifaa vya klabu ukaenda navyo kwenye Mozart, nota za chini zinafunguka kwa kishindo pale zilipotakiwa kuzaliwa kutoka kwenye ukimya. Ukifanya kinyume chake, sauti inamezwa na tarumbeta na tromboni, nawe unaanza kuuma kinywa kwa nguvu ili usikike, sauti inapanda juu ya tyuni, na midomo inachoka kabla ya mapumziko.

Zaidi ya hapo, konsato ya Mozart ni ya klarineti ya A, ambayo ni ndefu kidogo na iko nusu toni chini ya ile ya B bemoli inayotumika kwenye bendi. Umbali wa matundu unabadilika kwa kiasi kidogo sana, lakini vidole vilivyozoea klarineti moja kwa miaka ishirini vinakosea ufunguo kwa kiasi hichohicho kidogo.

Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 40 na jina linalojulikana duniani kote, Goodman alianza masomo kwa mpiga klarineti Mwingereza Reginald Kell. Alibadilisha namna ya kushika kinywa. Awali meno ya juu yalikaa moja kwa moja juu ya kinywa cha klarineti. Sasa midomo yote miwili ilikunjwa kuyafunika meno. Namna hii inamzuia mpigaji kuuma, na sauti inakuwa ya mviringo. Ubaya wake ni kwamba uzito wa chombo unabaki kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia na kwenye midomo inayouma, na kwa anayepiga amesimama saa nzima ni mateso. Alibadilisha pia namna ya kuweka vidole, na sugu za zamani zikaondolewa. Kuna wanaosema mabadiliko hayo yaliipunguzia swing yake moto. Mimi naona wana hoja: ukisikiliza rekodi za kabla na baada, ule ukwaruzo uliompa uhai katika miaka ya 1930 umesafishwa. Na inafaa kukumbukwa kwamba Kell mwenyewe alitumia mtetemo wa sauti, jambo ambalo wapigaji wengi wa klarineti ya klasiki walilikataa. Goodman alimchagua mwalimu wa klasiki aliyekuwa karibu naye zaidi kimasikio.

Pili, alivuka kwa kununua njia. Mwaka 1938, kupitia mpiga fidla Joseph Szigeti, alimwagiza Béla Bartók kipande na kulipa dola 300. Mpango ulikuwa sehemu mbili fupi zinazotosha pande mbili za santuri moja ya inchi 12. Bartók akaandika sehemu tatu zenye urefu wa kama dakika 17, zinazohitaji klarineti zote mbili, ya A na ya B bemoli, na mwaka 1940 wakakirekodi pamoja, mtunzi akiwa kwenye piano. Mwaka 1947 alimlipa Aaron Copland dola 2,000 kwa konsato, na kwa hela hiyo akapata haki ya kuipiga peke yake kwa miaka miwili. Copland ilibidi alegeze sehemu ya mwisho iliyopanda juu mno. Onyesho la kwanza lilikuwa redioni Novemba 1950, na okestra ya NBC chini ya Fritz Reiner. Mwezi uliofuata akapiga konsato aliyomwagiza Paul Hindemith, pamoja na okestra ya Philadelphia.

Utaona alichokifanya. Hakuwahi kukaa kwenye usaili wa kiti cha klarineti ya pili. Aliingia klasiki kwa mlango wa mpiga solo, akiwa na kazi zilizoandikwa kwa jina lake, zilizolipiwa na hela ya dansi. Kazi hizo leo zimo kwenye mtaala wa kila chuo kinachofundisha klarineti, na wanafunzi wengi hawajui kwamba zililipiwa na vijana wa miaka ile waliokuwa wakikanyaga sakafu usiku kucha.

Bailey hakuwa na hela hiyo, na hata angekuwa nayo mlango ulikuwa umefungwa. Aliingia bendi ya Fletcher Henderson mwaka 1924, New York. Ni Henderson huyohuyo ambaye bendi yake ilipovunjika mwaka 1934 aliuza mipangilio yake kwa Goodman. Sehemu kubwa ya kile umma ulichokiita sauti ya Goodman iliandikwa na Mweusi ambaye hakuweza kuipata nafasi ile ya redio. Chama cha wanamuziki chenyewe kilikuwa na matawi mawili Chicago, namba 10 la Weupe na namba 208 la Weusi, na hayakuunganishwa hadi mwaka 1966. New York Philharmonic ilimwajiri Mweusi wa kwanza kuwa mwanachama kamili, mpiga fidla Sanford Allen, mwaka 1962, wakati Bailey ana miaka 60. Bailey alipata nafasi ya karibu na okestra katika miaka ya 1953 na 1954, kwenye shimo la wapigaji, lililo mbele ya jukwaa, katika opera ya Porgy and Bess. Mwaka 1965 alijiunga na kundi la Louis Armstrong, na alifariki mwaka 1967 akiwa bado kazini.

Kisa cha Art Davis kinaumiza zaidi kwa sababu kilitokea baada ya milango kusemwa imefunguliwa. Alikuwa mpiga besi aliyefanya kazi pande zote mbili, akipiga na John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazz, na pia muziki wa klasiki. Mwaka 1969 yeye na mpiga chelo Earl Madison waliishtaki New York Philharmonic mbele ya tume ya haki za binadamu ya jiji. Ombi lao mojawapo lilikuwa usaili ufanyike nyuma ya pazia. Mwaka 1970 tume haikuwapa ushindi kuhusu ajira za kudumu, lakini ilikubali kwamba kulikuwa na ubaguzi katika kuita vibarua na wapigaji wa kushikilia nafasi. Hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila mwanamuziki kijana, kwa sababu vibarua hivyo ndivyo vinavyomfundisha mtu kazi: huko ndiko anakojulikana, anakozoea kuhesabu mapigo 60 ya kimya na kuingia kwa sauti ndogo, na anakopata jina la kutajwa kiti kinapobaki wazi. Ukimnyima mtu vibarua kwa miaka kumi, kisha ukamwekea pazia, pazia halimrudishii miaka hiyo. Davis alikaa muda mrefu bila kuitwa kwenye kazi za maana, akarudi shule na kuwa mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu.

Kiti cha klarineti ya kwanza cha New York Philharmonic kilikaliwa na Mweusi mwaka 2014. Ni Anthony McGill, mzaliwa wa Chicago.

Upande wa swing, ajira ilivunjika ghafla, na sababu zake zinajulikana kwa majina. Vita Kuu ya Pili ilichukua wapigaji, ikabana petroli na matairi ya mabasi. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi santuri, na kampuni kubwa mbili hazikukubaliana nacho hadi Novemba 1944. Waimbaji, ambao hawakuwa wanachama, waliendelea kurekodi na umma ukahamia kwao. Mwaka 1944 serikali kuu ikaweka kodi ya asilimia 30, baadaye ikashushwa kuwa 20, kwenye kumbi zenye kucheza dansi au kuimba. Ukumbi wa muziki wa kusikiliza tu haukutozwa. Kwa mwenye klabu hesabu ilikuwa rahisi: ondoa sakafu ya dansi, weka meza zaidi, ajiri watu watano badala ya 15. Kuna wanaoandika kana kwamba swing ilikufa kwa sababu ladha ilibadilika. Ladha ilibadilika, ndiyo, lakini kodi hiyo iliisukuma kwa nguvu, na haikufutwa hadi mwaka 1965. Desemba 1946 bendi kadhaa kubwa zilivunjwa ndani ya wiki chache, ya Goodman ikiwemo. Mwaka 1950 hata Count Basie alilazimika kupunguza bendi yake hadi kikundi kidogo.

Bendi moja haikuvunjwa. Duke Ellington aliendelea kulipa watu wake mwaka mzima, vizuri au kwa shida, hadi alipofariki mwaka 1974. Mpiga saksafoni baritoni Harry Carney alikuwa naye tangu mwaka 1927. Fedha za kuziba miezi mibaya zilitoka kwenye mrabaha wa nyimbo alizotunga. Ellington aligeuza tungo zake kuwa kile ambacho Boston na Philadelphia walikipata kwa matajiri: wakfu. Alihitaji bendi ili asikie alichoandika jana, na alichoandika jana kililipa bendi ya kesho. Sioni mfano bora wa mwanamuziki aliyejijengea taasisi yake mwenyewe.

Artie Shaw, mpiga klarineti na kiongozi wa bendi ya swing, alijaribu njia nyingine ikamshinda. Mwaka 1949 alipiga kwenye uzinduzi wa klabu ya Bop City, New York, akiwa na okestra ya klasiki ya watu takriban 40, mbele ya watu waliokuja kunywa na kusikia jazz. Hawakumvumilia. Muziki wake haukuwa mbaya; ulipelekwa mahali ambapo anayelipa alikuwa amelipia kitu kingine. Mwaka 1954 aliweka klarineti chini, na hakuipiga tena hadharani hadi kifo chake mwaka 2004.

Leo swing imepata taasisi zake chache. Kubwa ni Jazz at Lincoln Center ya New York, yenye okestra ya watu 15 na ukumbi wake uliofunguliwa mwaka 2004, chini ya Wynton Marsalis, ambaye katika tuzo za Grammy za mwaka 1984 alishinda upande wa jazz na upande wa klasiki kwa pamoja. Hata hivyo ni okestra moja. Wapigaji wengine wa swing wanaishi kwa kuunganisha vibarua: harusi, tamasha za wacheza dansi, kufundisha, shimo la ukumbi wa michezo ya kuigiza. Huko shimoni mtu mmoja hubeba saksafoni, klarineti na filimbi, pengine na obo, na kila chombo cha ziada huongeza asilimia fulani kwenye malipo yake. Na wa klasiki pia hawako salama kama wanavyodhaniwa. Okestra ya Philadelphia iliomba ulinzi wa mufilisi Aprili 2011. Wapigaji wa Minnesota walifungiwa nje na uongozi wao kuanzia Oktoba 2012 hadi mwanzoni mwa 2014, bila mshahara.

Kwa kijana anayesoma mkataba wake wa kwanza, awe upande wowote, idadi ya wiki ni muhimu kuliko malipo ya usiku mmoja. Dola 300 kwa usiku zinavutia mpaka utakapogawanya mapato ya mwaka kwa wiki 52 na kuondoa ridi, matengenezo ya chombo, nauli na bima ya afya ambayo hakuna mwajiri anayeilipa. Aangalie onyesho likifutwa siku tatu kabla analipwa nini. Aangalie kama mazoezi yanahesabiwa, kama rekodi ya onyesho ikiuzwa ana fungu, na kama chombo cha pili kinalipwa. Na aangalie atakaa wapi jukwaani. Klarineti na saksafoni hukaa mbele ya midomo ya tarumbeta, na sauti ya zaidi ya desibeli 85 kwa saa nane hula masikio polepole bila maumivu yoyote ya kumwonya. Vizibo vya masikio vinavyochongwa kwa umbo la sikio la mtu, vyenye vichujio vya desibeli 9, 15 au 25, hupunguza sauti bila kuharibu rangi yake. Kwa mpigaji wa kupuliza anayeanza, cha 9 ndicho kinachozoeleka upesi, kwa sababu vile vizito humfanya asikie fuvu lake mwenyewe na apulize kwa nguvu kuliko inavyohitajika.